Wasifu wa Mtafiti wa Kumi na Tatu

Dada yangu, Mama wa Mapacha,

"Wasifu wa mtafiti ni yale aliyoyafanya. Aliyoyakosea ni siri yake na Mungu wake."

Maneno hayo si yangu, Dada. Ni ya Mkurugenzi wetu. Aliyatamka Alhamisi iliyopita mbele ya watu kumi na wawili, huku akipuliza chai yake kana kwamba anazungumzia hali ya hewa. Nimeketi hapa kuyapasua vipande. Lakini najua ungeniambia, kama ulivyoniambia tangu nikiwa na meno ya utoto, kwamba mtu hagombi mlangoni kabla ya kubisha hodi. Basi hodi. Hujambo? Macho yako yanaendeleaje? Mapacha hawajambo huko chuoni, au bado wanakumbuka nyumbani nguo zinapochafuka tu? Na goti la kushoto, bado linakutangazia mvua kabla ya redio? Mimi mzima. Presha imetulia, chakula kinapita. Usingizi ndio tumekosana, na ukifika mwisho wa barua hii utajua tulikosania wapi.

Naandika kwa mkono. Mtu wa usalama wa mitandao anayetumia kalamu ya wino ni kama mpishi anayekula kwa jirani: ujue kuna alichokiona jikoni kwake. Nimetuma bahasha kwa mkono wa mtu ninayemwamini ili isipite kwenye mashine yoyote. Soma ukiwa umekaa.

Unaijua Taasisi yetu, maana marehemu shemeji aliitumikia miaka tisa. Upande mmoja wa ukumbi tunakaa sisi wa usalama, tunaolinda mifumo isivamiwe. Upande wa pili wanakaa wale wa teknolojia ya kujifunzia, wanaotengeneza masomo ya kusikiliza na kutazama kwenye simu. Mwaka huu Taasisi inatoa kijitabu cha wasifu wa watafiti wake. Kila mmoja aeleze ametoka wapi, amesomea nini, amefanya nini. Nikapewa kazi ya kuhariri, kwa kuwa nimeshika kalamu ya magazetini miaka ishirini na bado wananiogopa kidogo.

Nilifurahi, Dada, usidhani nilikuwa mnyonge tangu mwanzo. Maana watu hawa ukiwasoma wanapendeza. Kuna aliyekuwa muuguzi, akaanza kuwarekodia wenzake namna ya kusafisha kidonda, leo ni mtafiti. Kuna aliyekuwa polisi wa kuongoza magari. Anasema kukamata wavamizi wa mtandao ni kazi ileile, ila wavamizi hawapigi honi. Kuna mkutubi. Fundi wetu wa seva alianza kwa kutengeneza majokofu, na hadi leo akiingia chumba cha seva hugusa ukuta kwanza kusikia kama baridi imekolea. Mimi nikaandika wangu kwa mistari mitatu. Wa kwanza, kwamba nilikuwa mhariri. Wa pili, kwamba gazeti letu lilivamiwa, nikaingia kwenye usalama wa mitandao kwa hasira nikabakia kwa mapenzi. Wa tatu unaujua: "Alifichua wizi wa mitihani ya walimu kwa kusoma daftari la mfumo."

Ndiyo. Mstari huo. Ndio ulionipa ofisi yenye dirisha.

Kijitabu kinakusanywa na kompyuta. Inachukua jina na picha ya kila mtafiti ambaye akaunti yake inatumika, inampangia ukurasa, kisha mimi nahariri. Watafiti ni kumi na wawili. Nilipofungua rasimu nikakuta kurasa kumi na tatu.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa na picha ya shemeji.

Ile yenye shati la mikono mirefu, vumbi jeupe kwenye kiwiko. Unakumbuka tulivyomwita Chaki, kwa sababu alihama ubaoni akaja kwenye kompyuta lakini chaki haikuhama mkononi mwake. Chini ya picha mashine ilikuwa imeandika yenyewe: "Mtafiti. Hali: yupo. Alionekana mara ya mwisho: jana."

Mwaka wa pili huu tangu tumzike, Dada. Mimi mwenyewe nilishika upande wa miguu.

Sikumwambia mtu siku hiyo. Nilifungua daftari la mfumo, yaani kumbukumbu ambamo mashine huandika kila mlango unaofunguliwa, nani kafungua, saa ngapi, kafanya nini. Nikatafuta jina lake. Nilitarajia kukuta hitilafu moja. Nikakuta mistari mia nne na zaidi. Kila siku ya kazi, bila kukosa, saa tano na dakika ishirini asubuhi, marehemu anafungua akaunti yake. Anakwenda moja kwa moja kwenye Somo la Kumi na Nne, kugawanya kwa sehemu, alilolirekodi yeye mwenyewe kwa ajili ya walimu wa darasa la sita. Hasikilizi mwanzo wala mwisho. Anaruka hadi dakika ya tisa, anasikiliza kama nusu dakika, anarudi nyuma, anasikiliza tena. Mara tatu, mara nne. Siku nyingine mara kumi na moja. Kisha anafunga na kuondoka.

Wewe unajua mimi siamini mizimu. Nimeandika makala ngapi kuwacheka wanaoamini? Lakini nilikitazama kile kidole kisichoonekana kikirudisha sauti nyuma, jana, juzi, na siku za kabla yake, nikahisi shingo yangu imemwagiwa maji.

Nilimuuliza Fundi, kwa mzaha ili nisionekane nimeogopa, kama akaunti za waliokufa huwa zinajifungua zenyewe. Akacheka akasema marehemu wengine ni wachapakazi kuliko hai, na kwamba huyu wetu labda huko aliko wamempa darasa lenye watoto wengi. Halafu akaacha kucheka. Akasema yule mwalimu alikuwa mtu wa kuzima feni akitoka chumbani, asingeacha jambo wazi. Mkurugenzi alipoona ukurasa wa kumi na tatu akaniagiza niufunge mlango huo mara moja: akaunti ifutwe, na masomo yake yafutwe pamoja nayo. Alisema haifai kijitabu cha heshima kiwe na mwizi ndani, tena mwizi marehemu.

Mwizi. Alilichukua neno hilo kwenye ripoti yangu.

Nikasema kabla sijafuta nitamjua anayeingia. Kesho yake, saa tano na robo asubuhi, nilijifungia ofisini nikafungua skrini inayoonyesha walio ndani ya mfumo kwa wakati huo. Kila aliyepo jina lake huwa na nukta ya kijani. Nikasubiri. Saa tano na dakika ishirini. Na ishirini na tano. Na nusu. Nukta za kijani zilikuwa za watu hai watupu. Nikajicheka. Asubuhi iliyofuata nikafungua daftari: jana, saa tano na dakika ishirini, alikuja. Alisikiliza mara sita.

Dada, nilikuwepo! Nilikuwa nimekaa palepale, jicho halikupepesa, na hakuja mtu. Nikarudia siku ya pili. Nikarudia ya tatu, nikamwita mkutubi akae nami kwa kisingizio cha kuhariri wasifu wake, ili niwe na shahidi. Saa tano na dakika ishirini hakuna kitu. Daftari likasema alikuja, tena mara tisa. Yaani ninamngoja mlangoni naye anapita, na kitabu cha wageni kinaonyesha sahihi yake. Mkutubi aliniuliza mbona natokwa jasho kwenye chumba chenye baridi. Nilimjibu vibaya. Niombee radhi kwake ukikutana naye, mimi nimeshindwa.

Siku ya nne sikungoja mtu. Nilikuwa nimekata tamaa, hata chakula cha mchana sikwenda. Skrini ilibaki wazi mbele yangu huku nasahihisha nukta na mikato ya yule polisi, ambaye anaandika kama anatoa faini. Nikainua macho. Jina la shemeji lilikuwa na nukta ya kijani.

Nikatazama saa ya mkononi. Saa saba na dakika ishirini mchana.

Akasikiliza, akarudisha, akasikiliza, akaondoka. Mara tu nukta ilipozimika nikafungua daftari, na wino wake, kama ningeweza kuuita wino, ulikuwa mbichi: "saa tano na dakika ishirini." Nikatazama tena mkononi. Nikatazama ukutani. Nikatoka mbio hadi chumba cha seva nikamuuliza Fundi daftari linafuata saa ya wapi.

Akanishangaa. Akasema si seva ya daftari walishaihamishia nje ya nchi, huko saa ziko mbili nyuma ya zetu, na daftari linaandika saa za huko. Yeye huongeza mbili kichwani kila akisoma. Seremala, akasema, anajua rula yake imekatika kipande gani. Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu mwaka ule, mwezi ule, na kwamba alituandikia wote barua pepe siku ileile.

Ningependa kukwambia kwamba wakati huo nilifurahi kwa kuwa mzimu umekwisha. Kweli, uliisha. Ulikuwa mtu anayeingia saa saba mchana na mashine yenye saa ya ugenini. Lakini nilikaa juu ya kreti pale chumbani, kati ya zile taa zinazopepesa na ule mvumo usiokoma. Fundi akadhani ni presha. Maana siku ile aliyoitaja ilikuwa wiki mbili kabla ya mitihani kuibiwa.

Ngoja kwanza nikwambie kuhusu anayeingia.

Nilifuata anwani ya mtandao alikotoka. Ilinipeleka shuleni unakofundisha: nywila ya mumeo unayo, na sisi wa usalama hatukukumbuka kuifunga akaunti yake. Sikuamini hadi nilipokwenda. Ijumaa ya wiki iliyopita, saa saba mchana, nilisimama nje ya uzio wenu, upande wa tangi la maji, kama mkopaji aliyetoroka. Watoto walikuwa wanakimbizana. Dirisha la chumba cha walimu lilikuwa wazi. Nilikuona kwenye meza ya mwisho, sahani imefunikwa, waya wa simu umeingia masikioni, macho umefumba. Ulikuwa unatabasamu, Dada. Sijakuona ukitabasamu tangu kabla ya msiba. Mwalimu mwenzako alipita akakugusa bega, hukufungua macho, ulimwonyesha kiganja tu: ngoja.

Sikuingia. Niliogopa. Nilirudi ofisini nikafungua Somo la Kumi na Nne, nikaruka hadi dakika ya tisa.

Anaeleza kwa nini ukigawanya kwa nusu unapata zaidi. Anasema walimu wenzangu, msiwaambie watoto "geuza na zidisha" kama mnawapa dawa. Waulizeni kwanza, katika mikate minne mna nusu ngapi? Halafu mlango unalia. Inaingia sauti yako, Dada, ya jikoni, unauliza kama hiyo mikate yake anataka kuila au kuigawa tu. Yeye anacheka hadi anakohoa. Anasema, "Mama watoto, tunarekodi." Wewe unasema, "Rekodi na hii: chai inapoa." Kisha anasema, taratibu, kwa walimu wa nchi nzima: "Naombeni radhi. Huyo ndiye mkaguzi wangu." Na somo linaendelea.

Wenzake walimwambia akate kipande hicho. Alikataa. Alisema mtoto lazima ajue kwamba hesabu zinafanyika kwenye nyumba yenye watu.

Niliisikiliza mara tano. Na mimi nimeingia kwenye daftari sasa, kwa jina langu.

Basi nisikilize, na usinikatize, ingawa najua huwezi kunikatiza kwenye karatasi ndiyo maana nimechagua karatasi.

Katika ripoti yangu niliandika kwamba hifadhi ya mitihani ilifunguliwa na kunakiliwa kwa akaunti ya shemeji, kutoka kompyuta yake, Jumanne ile, saa tano na dakika arobaini asubuhi. Daftari lilisema hivyo. Na saa tano na dakika arobaini watu sita walimwona amekaa kwenye kompyuta hiyo. Ushahidi gani tena? Nilikuwa nimeukamata mkono ndani ya mtungi. Kwenye kikao cha nidhamu alijaribu kusema kwamba mchana wa siku hiyo hakuwepo, alimpeleka mke wake kwa daktari wa macho. Mimi nilimkata kauli. Imeandikwa kwenye muhtasari, nimeusoma jana: "Mchana hatukuulizi, Mwalimu. Tunakuuliza asubuhi." Watu wakacheka. Nilikuwa hodari sana wa kuchekesha watu siku zile.

Sasa ongeza mbili, Dada.

Saa saba na dakika arobaini mchana. Unakumbuka ulipokuwa? Ulikuwa kwenye benchi la zahanati ya macho, umetiwa matone, huoni mbele wala nyuma, na mtu amekushika mkono. Nimekwenda hapo. Dada wa mapokezi ni yuleyule, mkali kama pilipili. Alinizungusha nusu saa kabla ya kunitolea boksi la madaftari ya zamani. Ukurasa upo. Jina lako, na mbele yake, sehemu ya aliyemsindikiza mgonjwa, mwandiko wa shemeji wa ubaoni, herufi zimesimama wima kama wanafunzi mstarini. Mliingia saa saba na dakika ishirini na tano. Mlitoka saa tisa kasorobo. Nimeupiga picha, na nakala iko ndani ya bahasha hii.

Aliyenakili mitihani ile simjui. Alikuja akakalia kiti cha shemeji baada ya shemeji kuondoka kukufuata wewe, akakuta skrini haijafungwa. Hilo ndilo kosa pekee la mumeo: aliondoka haraka kwa sababu mkewe anangojwa na daktari. Simtaji mtu. Nimeshataja mmoja maishani mwangu, inatosha.

Shahidi wake ulikuwa wewe. Miaka yote hii, shahidi pekee aliyetosha kumwokoa alikuwa analala naye kitanda kimoja, na hakujua kuwa ni shahidi, kwa kuwa ndugu yake alikuwa amempa saa isiyo sahihi.

Bado sijafika. Lililo gumu zaidi ni hili, na ningeweza kulificha, hakuna daftari lililoliandika. Siku mbili kabla ya kikao, shemeji alinifuata kwenye korido, karibu na mashine ya kunakilia. Alikuwa ameshika karatasi yangu. Aliniuliza kwa upole, kama anavyomuuliza mtoto aliyekosea jibu lakini yuko karibu: "Shemeji, una hakika hizi ni saa zetu?" Wenzangu wawili walikuwa wamesimama nami. Nikamjibu kwa sauti ili nao wasikie: "Leo mwalimu wa hesabu anataka kunifundisha kusoma saa!" Walicheka. Yeye hakukasirika. Alikunja karatasi akasema, "Angalia tu, bwana shemeji. Kuangalia hakumpunguzii mtu kitu."

Sikuangalia. Ingenichukua dakika moja. Barua pepe ya Fundi ilikuwa kwenye sanduku langu, nimeikuta juzi haijafunguliwa, bado imeandikwa kwa herufi nene kama siku ilipofika. Siku ile nilikuwa na ugomvi gazetini na mwandishi mmoja kuhusu ukweli. Ndiyo, Dada, kuhusu ukweli. Makala tatu niliandika.

Na wiki moja baada ya kufukuzwa kwake ulinikalisha jikoni kwako. Uliniambia umemuuliza, ukamwambia aseme tu, wewe ni mkewe, utamsamehe. Akaweka kijiko chini akasema, "Nilikwisha kusema." Basi. Hakusema tena hadi moyo wake uliposimama. Na wewe, ukipangusa meza iliyokwisha kupanguswa, uliniambia: "Nakuamini wewe. Mashine haina mke wala shemeji." Nilitoka hapo kifua mbele. Nilijiona nimekulinda.

Sasa najua kwa nini unasikiliza kipande kile na si kingine. Ndani yake bado hujamuuliza swali lile.

Sikuombi msamaha. Kukuomba sasa ni kukutwika mzigo mwingine, na mwenye mzigo ni mimi. Ukitaka nisikanyage kwako, sitakanyaga. Ila akaunti haifutwi. Nilimwambia Mkurugenzi kwamba atakayegusa somo lile itabidi anipite mimi, na unajua nilivyo nikikaa mlangoni.

Nilianza kwa kuwaambia wao, Dada, kabla yako. Huo nao ni woga, uongeze kwenye hesabu. Alhamisi nilisimama mbele ya watafiti wenzangu nikawaeleza yote, saa, zahanati, korido. Nikadai mstari wangu wa tatu ufutwe, na ukurasa wa kumi na tatu uchapishwe ukiwa na maelezo kwamba Mwalimu alisingiziwa na mimi ndiye niliyemsingizia. Ndipo Mkurugenzi akapuliza chai yake na kutamka yale niliyoanza nayo. Akasema marehemu hawezi kufaidika, Taasisi itaaibika, na kijitabu kinakwenda kiwandani Jumatatu. Wenzangu wakatazama vikombe.

Namjibu hivi. Fundi ujenzi akijenga ukuta ukamwangukia mtu, hatuandiki kwenye wasifu wake kwamba alijenga ukuta. Wasifu usiotaja aliyeangukiwa ni tangazo la biashara. Sisi kazi yetu yote ni kuandika yaliyotokea kwa watu wengine: nani kaingia, nani kachukua, nani afukuzwe. Tunadai kila mtu aache alama mlangoni. Yakifika yetu tunaita siri ya mtu na Mungu wake! Mungu hakuuliza saa kwenye korido. Aliuliza shemeji, akachekwa.

Wewe una haki ya kuingia kikao cha kukipitisha kijitabu, Jumatatu, saa tatu asubuhi. Wewe ni mrithi wake na masomo ni ya familia kwa mkataba alioutia sahihi. Ukiamua kuja, nimekuandalia karatasi ya mwisho uwasomee. Mimi hawanisikii tena, wamenizoea. Ukiamua kutokuja, ichane, nami nitasimama peke yangu.

Nisalimie mapacha. Waambie mimi mwenyewe nitakuja kuwaeleza kuhusu baba yao, ana kwa ana, siku utakayoniruhusu, na ikiwa ni mwakani nitangoja mwakani. Msalimie na jirani yako mpenda habari. Mwambie safari hii asisubiri kuusikia uvumi, aje kwangu nimpe yote. Ujifunike asubuhi, baridi ya mwezi huu si rafiki wa goti.

Ni mimi mdogo wako,
Mbishi

*

Karatasi ya kusomwa Jumatatu.

Wenzangu kumi na mmoja, nawe Mkurugenzi. Anayewasomea ni mjane wa Mwalimu mliyemcheka. Mtazameni yeye, msitazame vikombe.

Daftari lile limekuwa nyuma kwa saa mbili kwa miaka minne. Sikuwa peke yangu niliyelisoma. Nimehesabu ripoti: saba zimeandikwa humu ndani kwa kutegemea saa zake. Moja ni yangu. Sita ni zenu, na kila mwandishi anajua iliyo yake. Kwa ripoti hizo waliondolewa watu watano wengine, na wote watano wako hai. Mmoja anauza matairi karibu na stendi. Mmoja alihama mji kwa aibu. Wanakaa kwenye nyumba ambazo kuna mtu amewauliza waseme ukweli, nao wamekwisha kusema.

Sitaki mnihurumie wala mnifukuze kwanza, mtanifukuza mkimaliza. Fungueni ripoti zenu sasa hivi, mbele ya mama huyu. Ongezeni saa mbili. Halafu kila atakayekuta kosa asiandike barua pepe, asiitishe kamati. Anyanyuke, aende kwenye nyumba ya mtu huyo kwa miguu yake, abishe hodi, na amwambie kwa mdomo wake mwenyewe, mkewe au mumewe akisikia. Nendeni leo, wakiwa bado wanaweza kufungua mlango.